*TAARIFA YA TAWI: MWENYE LESENI YA BUNDUKI ANARUHUSIWA KUIBEBA WAPI?*

_Hii ni hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Tunaituma nzima kwa wale ambao hawakuweza kufika. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza swali kwenye kundi._



Tumewaita kwa jambo moja tu. Tangu watu waanze kutangaza nia zao kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, mikutano yetu imeanza kuingiwa na bastola. Hatusemi za wahalifu. Tunasema bastola za watu wenye leseni, watu tunaowafahamu, ambao wengine wao wameketi humu humu. Mtu anainuka kuchangia hoja, shati linapanda, na ukumbi mzima unaona kilicho kiunoni. Kwenye mkutano uliopita akina mama kadhaa waliondoka kabla ya ajenda ya tatu. Tulipowauliza kwa nini, mmoja alitujibu hivi: "Mimi siwezi kupinga hoja ya mtu aliyekuja na bunduki."

Mama huyo amesema kwa ufupi yale ambayo sisi tutayasema kwa urefu.

Baadhi yenu mmetuuliza swali ambalo ni la haki. Kama serikali imempa mtu leseni, chama kina nguvu gani ya kumzuia? Leseni si ya nchi nzima? Tumekaa na wanachama wetu ambao ni mawakili, tumesoma sheria, na tunawaletea majibu kwa lugha ya kawaida.

*1. LESENI NI KITU GANI*

Katiba yetu ya 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Tafuteni katika Sura ya Nne yote, hamtaipata. Bunduki Kenya ni ruhusa, na ruhusa hiyo inatoka kwenye Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Sheria hiyo inasema ni kosa kununua au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Anayeomba cheti lazima atoe sababu nzuri. Anayekitoa lazima aridhike kwamba mwombaji si mlevi, ana akili timamu, na kwamba kumpa silaha hakutahatarisha usalama wa watu.

Ruhusa hiyo inaweza kuwekewa masharti na inaweza kufutwa. Mnakumbuka Desemba 2018, serikali ilipoamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya. Watu waliokuwa na bunduki kwa miaka mingi walipanga foleni kama waombaji wapya. Hiyo ndiyo hali ya kitu kinachoitwa ruhusa. Aliyekupa anaweza kukuuliza tena.

Kwa hivyo jambo la kwanza kwa mwenye leseni ni kusoma cheti chake mwenyewe. Kimeandikwa silaha gani, na kina masharti gani. Wengi wanakiweka mfukoni miaka nenda miaka rudi bila kukisoma.

*2. PALE AMBAPO HAKUNA UGOMVI*

Mwenye leseni ya bastola ya kujilinda anaweza kuwa nayo nyumbani kwake. Anaweza kuwa nayo dukani au ofisini kwake, na njiani akienda na kurudi, maadamu masharti ya cheti hayakatazi. Mfanyabiashara anayebeba pesa za mauzo usiku kutoka Kongowea hatuna neno naye. Sababu aliyoitoa alipoomba ndiyo hiyo hiyo inayomfanya aibebe.

Hata hapo yako mambo manne asiyoweza kuyakwepa.

Kwanza, polisi akitaka kuona cheti, akitoe. "Unanijua mimi ni nani?" si cheti.

Pili, ifichwe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inasema kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ni kosa, na silaha yenyewe inaweza kutwaliwa. Anayeinua shati ili watu waone, au anayeweka bastola juu ya meza ya mkahawa karibu na simu, ajue kwamba leseni yake haikutolewa kwa kazi hiyo.

Tatu, isichanganywe na pombe wala fujo. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Bunduki kinamhusu mtu anayelewa au kufanya fujo akiwa na silaha. Kifungu hicho hakiulizi kama una leseni. Januari 2020 mwanamuziki mmoja wa santuri alipigwa risasi ndani ya klabu Nairobi, na mbunge akafikishwa mahakamani, mojawapo ya mashtaka likiwa chini ya kifungu hicho. Hatutaji jina wala chama, na ni haki kusema kwamba mwaka 2023 mahakama ilimwachilia huru. Lakini yule kijana aliyekuwa akicheza muziki aliingia kazini usiku ule akitembea, akatoka akibebwa. Uamuzi wowote wa mahakama haukuweza kumrudishia afya yake.

Nne, ihifadhiwe vizuri. Bastola iliyoachwa ndani ya gari nje ya msikiti au kanisa ni bastola inayongoja mwizi. Ikiibwa, swali la kwanza la polisi litakuwa kwako.

*3. PALE AMBAPO LESENI HAITOSHI*

Ndugu zetu, hakuna karatasi moja ya serikali iliyoandikwa "hapa ndiyo, hapa siyo". Makatazo yametawanyika katika sheria nyingi, na ndiyo sababu watu wanababaika. Tumeyakusanya haya.

_Uwanja wa ndege._ Huwezi kupanda na bastola ndani ya ndege. Unaitangaza mapema, inatolewa risasi, inakaguliwa, na inasafirishwa mahali usipoweza kuifikia. Ukisahau kuitangaza ukapita nayo kwenye mashine, hadithi yako utaieleza kituoni.

_Mbuga na hifadhi za wanyama._ Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Mtu anayeingia mbugani na silaha bila idhini anachukuliwa kuwa amekuja kwa jambo jingine, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali.

_Mahakamani._ Juni 2024 Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini katika Mahakama ya Makadara, Nairobi. Aliyempiga alikuwa afisa wa polisi. Hakimu akafariki. Silaha ile haikununuliwa vichochoroni. Ilikuwa mikononi mwa mtu mwenye mafunzo na cheo, na bado ilileta msiba kwa sababu iliingia mahali pa kukata maneno wakati moyo wa mtu umewaka. Tangu hapo ukaguzi wa milango ya mahakama umekazwa, na hakuna mwenye akili aliyelalamika.

_Mali ya mtu mwingine._ Duka kubwa, hoteli, hospitali, shule, nyumba ya ibada: mwenye mahali ana haki ya kusema silaha haiingii kwake. Mlinzi wa lango akikuambia urudi, hajakudharau. Ametumwa.

_Mikutano ya siasa._ Hapa ndipo penye sisi, na tunaomba mtusikilize vizuri.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na *bila silaha*. Maneno hayo mawili hayakuwekwa kwa kupamba. Katiba imeifunga haki ya kukusanyika pamoja na sharti lake. Mkutano ukiwa na silaha ndani, umejitoa wenyewe kwenye ulinzi wa kifungu hicho, na anayetaka kuuvunja amepewa sababu bure.

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, nayo inafanya kuwa kosa kuwa na silaha kwenye mkutano au msafara wa hadhara bila mamlaka ya kisheria. Wako watakaosema leseni ndiyo mamlaka yenyewe. Sisi tunasoma mamlaka hayo kuwa ni ya askari aliye kazini, wala si ya mtu aliyekuja kutafuta kura. Anayetaka kujaribu tafsiri yake mbele ya hakimu, ajaribu kwa jina lake, si kwa jina la tawi.

Na juu ya yote kuna Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, zilizomo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Kila chama kinachoshiriki uchaguzi kinajifunga kwazo. Zinakitaka chama kiwaelekeze wagombea, maafisa na wafuasi wake wasilete silaha kwenye mikutano na maandamano ya siasa. Chama kikivunja kanuni hizo, IEBC ina uwezo wa kukionya, kukitoza faini, hata kukizuia kufanya kampeni. Kwa hivyo mtu anayekuja na bastola kwenye mkutano wetu hajibebei hatari peke yake. Anawabebesha wagombea wote wa chama, pamoja na yule dada anayegombea udiwani ambaye hana hata manati.

*4. HOJA ZA WENZETU*

Wenye maoni tofauti wamezungumza nasi, na hoja zao zina uzito. Tusizifiche.

Hoja ya kwanza ni hofu ya kweli. Tarehe 30 Aprili 2025 Mbunge wa Kasipul, Ong'ondo Were, alipigwa risasi barabarani Nairobi akafariki. Mgombea anauliza: nikija bila bastola, nani atanilinda?

Tunamjibu kwa heshima. Kwanza, aliyeuawa alikuwa ndani ya gari, barabarani, jioni. Hakuwa ukumbini akijadili ajenda. Hatari ya njiani ni ya njiani, na hatukukatazi kujilinda huko kama cheti chako kinaruhusu. Pili, kwa mikutano yetu tutafanya lile ambalo sheria inatutaka tulifanye: tutatoa taarifa kituo cha polisi mapema, na kuomba askari waliovaa sare walinde nje. Mlinzi anayelinda watu wote ni tofauti na bastola inayomlinda mtu mmoja dhidi ya wenzake.

Hoja ya pili ni Westgate. Ni kweli kwamba Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo lile na kuua watu 67, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia na kuwatoa watu. Walifanya kazi ya kishujaa na hatutawavunjia heshima. Lakini tazameni tofauti. Walikimbilia mahali ambapo risasi zilikuwa tayari zinapigwa. Hawakuketi na silaha kwenye kikao wakingoja watu wakosane. Hatari iliyoko kwenye mkutano wa mchujo ni matokeo yenye mzozo, matusi, kusukumana, na vijana mia mbili mlangoni. Hapo mtu mmoja akichomoa, wa pili naye atachomoa, na polisi akifika hatajua nani anajilinda na nani anashambulia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi ni sisi tuliopanga foleni.

Hoja ya tatu inasema, "Nitapiga hewani tu, nitawanye fujo." Hakuna leseni ya raia ya kutawanya fujo. Na risasi iliyopanda hewani hurudi. Mitaa yetu imebanana, paa ni za mabati, watoto wamelala chini yake.

Hoja ya nne ni ya wale wenye walinzi wa serikali. Askari aliyepewa kiongozi kama mlinzi bado ni askari. Anawajibika kwa Inspekta Jenerali, si kwa tawi na si kwa mgombea. Hatuwezi kumpokonya silaha na hatutajaribu. Tunachoweza ni kumwomba kiongozi kwamba mlinzi wake akae nje ya ukumbi, kwa sababu ndani ya ukumbi kila mwanachama ana kura moja, na hakuna kura inayopaswa kusimamiwa na mtu mwenye bunduki ya upande mmoja.

*5. UAMUZI WA KAMATI*

Baada ya kujadiliana, Kamati imeamua yafuatayo, kuanzia leo mpaka baada ya uchaguzi:

Moja. Hakuna bunduki ya raia, yenye leseni au isiyo na leseni, itakayoingia kwenye mkutano wa tawi, ofisi ya tawi, msafara wa tawi, wala kituo cha kura za mchujo.

Mbili. *Hatutapokea bastola mlangoni.* Wengi mmependekeza tuweke sanduku la kuhifadhia. Tumelikataa pendekezo hilo, na sababu ni hii: cheti ni cha mtu mmoja. Kijana wetu wa mlangoni akiipokea bastola yako, amekuwa na silaha asiyo na cheti nayo. Yeye ndiye atakayeshtakiwa, na wewe utaulizwa kwa nini uliitoa mkononi mwako. Hatutamtia kijana wa kujitolea kwenye mashtaka ili mheshimiwa apate kiti cha mbele. Usiiache kwenye gari. Iache nyumbani, mahali palipofungwa.

Tatu. Mlangoni kutakuwa na watu wanne wa kukagua, wawili wanawake na wawili wanaume. Mwanamke atakaguliwa na mwanamke. Kila mtu atakaguliwa, kuanzia mwenyekiti. Anayekataa kukaguliwa hatapigwa wala hatatukanwa, ila hataingia.

Nne. Mtu akionekana na silaha ndani, mkutano utasimama hapo hapo, mwenyekiti atamwomba atoke, na dakika za kikao zitaandika hivyo. Akikataa, mkutano utaahirishwa na polisi wataitwa. Tunawaomba vijana wasijaribu kumpokonya mtu silaha. Ondokeni taratibu, toeni wazee na watoto kwanza.

Tano. Mgombea ambaye watu wake wataleta silaha mara ya pili, jina lake tutalipeleka kwa bodi ya uchaguzi ya chama pamoja na dakika za kikao. Hatutaangalia ametuchangia kiasi gani.

Hilo la mwisho tunalisema wazi kwa sababu tumeshaambiwa kwamba tukipitisha uamuzi huu, mchango wa viti na vipaza sauti utakatwa. Basi na ukatwe. Tawi hili lilianza na mikeka, na mikeka bado ipo. Viti vya kukodi tukivikosa tutakaa chini. Lakini akina mama wakiacha kuja, hatuna tawi. Tutabaki na wanaume kumi na wawili wanaoogopana.

*6. TUNALOWAOMBA*

Wenye leseni, hatuwachukii. Wengi wenu mmeibiwa, mmevamiwa, mnajua mnachokiogopa. Tunawaomba muwe wa kwanza kutuunga mkono, kwa sababu mmiliki mwema ndiye anayejua zaidi kwamba silaha ina mahali pake. Mwezi ujao mawakili wetu watakaa nanyi kikao cha peke yenu, muulize maswali ya vyeti vyenu bila kuhukumiwa.

Vijana, msikubali kupewa "kitu" cha kumshikia mheshimiwa. Akishikwa, atasema hakujui.

Akina mama, rudini. Yule aliyesema hawezi kupinga hoja ya mtu mwenye bunduki, tumemsikia. Kwenye mkutano ujao ajenda ya kwanza ni ile ile iliyokatizwa, ya maji na karo, na kipaza sauti kitaanza upande wenu.

Wanachama wote, ukiona silaha kwenye shughuli ya chama, usipige picha ya uso wa mtu na kuitupa mitandaoni. Piga simu kwa katibu au kituo cha polisi kilicho karibu, useme ni wapi na saa ngapi.

Tunataka kushinda, na tunataka kushinda sana. Lakini tukishinda mchujo kwa sababu watu waliogopa kupiga kura, hapo tutakuwa tumemchagua aliyeogopwa, na miaka mitano ni mirefu.

Maswali sasa, mmoja mmoja, na tunaanza na nyuma.

_Kwa niaba ya Kamati ya Tawi: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, Kiongozi wa Wanawake na Kiongozi wa Vijana._

*Tafadhali sambaza kwa wanachama wenzako. Usikate wala kuongeza maneno.*